Kabla hujapiga Windows upya: kufomati diski kunaponya nini na kunaacha nini

Kompyuta ikiwa nzito, ikistaki katikati ya kazi au ikizima na kuwaka yenyewe, ushauri wa kwanza utakaopewa ni uleule: ipige Windows upya. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila gharama yake haitajwi. Kufomati kunafuta. Picha za harusi, hesabu za duka, tasnifu iliyobakiza kurasa kumi, vyote vinaweza kuondoka kwa kubofya mara moja, kisha kompyuta ikabaki na ugonjwa wake vilevile. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na vipimo. Hivyo ndivyo vitakavyokuambia kama ushike flashi ya Windows au bisibisi.

Kufomati kunafanya nini hasa

Kila partisheni, yaani kipande cha diski kama C au D, ina orodha inayosema faili gani limeanzia wapi na limeishia wapi. Ufomati wa haraka unatupa orodha hiyo na kuandika mpya iliyo tupu. Data zenyewe bado zimelala pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa diski ya kuzunguka, hiyo ndiyo sababu programu za kurejesha mafaili hufanikiwa mara nyingi. Kwa SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) usitegemee hivyo: Windows huiambia SSD kwamba nafasi ile haitumiki tena, nayo huisafisha yenyewe baada ya muda mfupi.

Ufomati kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri kwenye partisheni nzima na kukagua kila sekta (kijisehemu kidogo cha diski kinachobeba data). Diski ya kuzunguka ya TB 1 inaweza kuchukua saa mbili, tatu au zaidi.

Kinachoponya kompyuta, basi, si ufomati wenyewe. Ni kuweka Windows mpya, na kazi ya ufomati ni kuhakikisha hakuna kilichobaki cha zamani. Unaponya kile tu kilichoandikwa kwenye partisheni uliyoifuta: mafaili ya Windows yaliyoharibika umeme ulipokatika katikati ya masasisho, virusi, mabaki ya programu, draiva (programu zinazoendesha vifaa) zinazogombana, matangazo yaliyojipachika kwenye mfumo.

RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) haiguswi. Feni iliyojaa vumbi haiguswi, wala chaja dhaifu, wala ruta yenye mipangilio mibovu. Na diski inayokufa haifufuki. Kuna jingine ambalo wengi hawalifikirii: kama matangazo yanatoka kwenye kiendelezi cha Chrome (programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari), ukifomati kisha ukaingia tena kwa akaunti yako, ulinganishaji wa akaunti utakirudisha kiendelezi hicho ndani ya dakika chache, na utadhani kirusi kimeshindikana.

Vipimo: anza na diski

Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ukiifungua utaona neno la afya ya diski upande wa kushoto: buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Usiishie kwenye rangi. Kwa diski ya kuzunguka, shuka kwenye jedwali utafute mistari minne:

- 05: sekta zilizokwisha kuharibika, diski ikazibadilisha na za akiba.
- C5: sekta zilizokataa kusomeka, zinasubiri kuamuliwa.
- C6: sekta zilizoshindikana kabisa.
- C7: makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mkuu wa kompyuta. Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni waya wa SATA, si diski. Badilisha waya, uone kama namba inaendelea kupanda.

Safu ya mwisho kulia huonyeshwa kwa tarakimu za kikompyuta (za msingi wa 16), kwa hiyo ukiona 10 pale, maana yake ni 16. Kwenye 05, C5 na C6 unataka sifuri. Ziandike namba hizo mahali, utazilinganisha baadaye.

Mstari wa C5 unastahili kueleweka vizuri, kwa sababu ndio unaofanya watu waamini kwamba kufomati kumeponya. Sekta ikikataa kusomeka, diski haiwezi kuitupa hivihivi, maana ndani yake mna data yako. Inairudia tena na tena, na kila jaribio linakula muda. Huko ndiko kustaki kunakotoka: Task Manager inaonyesha diski iko 100%, kasi ya kusoma ni KB chache kwa sekunde, na muda wa kujibu umefika maelfu ya milisekunde. Sasa ukifomati kwa ukamilifu, diski inaamriwa iandike sifuri juu ya sekta ile. Data ya zamani haihitajiki tena, kwa hiyo inaijaribu sekta. Ikigoma, inaweka ya akiba badala yake. C5 inashuka mpaka 0, 05 inapanda, na kompyuta inakuwa nyepesi. Mteja anafurahi, fundi analipwa. Baada ya wiki chache sekta za jirani nazo zinaanza, kwa sababu uso wa diski unaendelea kuchakaa, na safari hii mafaili mapya yamo ndani. Ukiona C5 au C6 ina namba, nakili data zako leo na ununue diski nyingine.

Onyo moja: watu hukimbilia `chkdsk C: /r` kwenye diski ya namna hii. Amri hiyo inasoma kila sekta kwa saa nyingi, na diski iliyo hoi inaweza kufia hapohapo. Nakili kwanza, chkdsk baadaye. Na diski inayogonga tik-tik-tik kila inapowaka usiifanyie kitu chochote kama data zake ni muhimu. Izime, mpelekee mtu wa kurejesha data.

RAM, joto na betri ndogo

Bonyeza Windows + R, andika `mdsched.exe`, ukubali kompyuta iwake upya. Kosa hata moja ni RAM mbovu, au RAM isiyokaa vizuri. Zima kompyuta, chomoa chaja, na betri kama inatoka, toa RAM, safisha meno yake ya dhahabu kwa kitambaa chenye spiriti safi, subiri ikauke, rudisha mpaka isikike imebana, pima tena. Kama ziko mbili, pima moja moja. RAM mbovu hukusumbua hata kwenye kupiga Windows: usakinishaji unafika katikati unagoma na kosa kama 0x80070570, unabadilisha flashi mara tatu, na flashi haina hatia.

Joto lipime kwa HWMonitor kompyuta ikiwa kwenye kazi nzito, mfano video kubwa. Prosesa ikikaa juu ya nyuzi 90, inaweza kujipunguzia kasi ili isiungue, na ikizidi itajizima. Dawa ni kupuliza vumbi kwenye feni na mapezi ya kupoozea, na kupaka upya mafuta ya joto ya prosesa. Unapopuliza, shikilia feni isizunguke.

Kama saa ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma kila ukichomoa umeme, na tovuti zinakuambia muunganisho si salama, betri ya ubao imekwisha. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe, na kompyuta inayoamini ni mwaka 2015 inavikataa. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni betri ya CR2032, ya bei ndogo, ya kubadilisha kwa dakika tano. Kompyuta kadhaa zimefutwa kila kitu kwa kosa hili.

Kipimo kinachokata ubishi ni kuwasha Linux (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows) kutoka kwenye flashi. Pakua Linux Mint, iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia programu ya Rufus, washa kompyuta kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote, uitumie kwa saa nzima. Ikizima au ikistaki hata ndani ya Linux, Windows haihusiki, na kufomati hakutasaidia. Ikienda vizuri, tatizo liko kwenye Windows au kwenye diski, kwa sababu Linux ya flashi karibu haiigusi diski. Na diski umeshaipima.

Matengenezo yasiyofuta kitu

Vipimo vikiwa safi, tatizo ni la programu, na bado hujafika kwenye kufomati. Tafuta cmd (dirisha la kuandikia amri), bofya kulia, ifungue kama msimamizi. Andika kwa mpangilio huu:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`
`sfc /scannow`

Ya kwanza inatengeneza ghala ambalo Windows huchukua mafaili yake ya akiba, na inaweza kuhitaji intaneti. Ya pili inatumia ghala hilo kubadilisha mafaili yaliyoharibika. Ukianza na sfc wakati ghala lenyewe limeoza, haitakuwa na pa kuchukua.

Kwa virusi, ingia Windows Security, chagua uchunguzi wa Microsoft Defender Offline. Kompyuta itawaka nje ya Windows na kukagua kwa takriban dakika 15, wakati virusi bado havijapata nafasi ya kujificha. Kirusi cha shotikati, kile kinachosambaa kwa flashi za steshenari na kugeuza mafolda kuwa mishale, kwa kawaida hakifuti mafaili, kinayaficha tu. Kwanza mwondoe kirusi kwenye kompyuta, kisha kama flashi ni E, andika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` na mafaili yataonekana tena.

Angalia nafasi ya C pia. Windows ikibakiwa na GB mbili tatu inapumua kwa shida, masasisho yanagoma, na dalili zake zinafanana kabisa na kirusi.

Halafu kuna njia ambayo mafundi wengi hawaitaji, na ndiyo tunayoipendekeza zaidi: kusakinisha Windows juu ya Windows. Pakua faili la ISO (faili moja lenye kisakinishi kizima cha Windows) la toleo lilelile na lugha ileile, lifungue ukiwa ndani ya Windows, bofya `setup.exe`, na uhakikishe pameandikwa "Keep personal files and apps". Karibu mafaili yote ya mfumo yanawekwa mapya, lakini programu zako na mafaili yako yanabaki. Unahitaji GB 20 hivi za nafasi. Njia hii haifai kama kuna kirusi kizito, kwa kuwa programu zinazobaki zinaweza kukibeba.

Sasa unafomati: hifadhi kwanza

Nakili folda yote ya C:\Users yenye jina lako kwenye diski ya nje. Ndani yake mna Desktop, Documents, Downloads na Pictures. Yanayosahaulika ni haya: mafaili ya .pst ya Outlook, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na data za programu za hesabu, ambazo mara nyingi hazikai kwenye Documents. QuickBooks hutunza faili la kampuni lenye mwisho wa .qbw, litafute kwa jina hilo kwenye diski nzima. Kwa data za biashara, tumia pia kitufe cha bakapu kilichomo ndani ya programu yenyewe.

Chomeka diski ya nje kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili kumi ya aina tofauti. Nakala ambayo haijafunguliwa bado si nakala.

Hifadhi draiva: tengeneza folda D:\draiva kwenye diski ya nje, ikiwa ndiyo D, kisha kwenye cmd ya msimamizi andika `pnputil /export-driver * D:\draiva`. Andika `slmgr /xpr` uone hali ya leseni. Ikionyesha imewashwa kwa kudumu na ni halali, toleo lilelile litajiwasha lenyewe ukiunganisha intaneti. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga data kwa ufunguo), chukua ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla hujagusa BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows).

Kuhusu toleo: Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM GB 4, diski GB 64 na, kwa Intel, kwa jumla prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. RAM ya GB 4 itaiwasha tu. Kwa kazi za kila siku weka 8. Kompyuta isiyofikia hapo, kama kazi zake ni intaneti na nyaraka, Linux Mint itaitendea haki kuliko Windows ya kulazimisha.

Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, tupu. Tumia Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft. Andaa bando la GB 6 hivi. Epuka Windows zilizopunguzwa za kugawana kwa flashi, zinazokuja na kiwashio (programu ya kuwasha Windows bila leseni) ndani. Hujui nani kaweka nini humo, na viwashio hivyo vinakutaka uzime kinga ya virusi ndipo vifanye kazi. Utakuwa umefuta kirusi kimoja na kukaribisha kingine kwa mkono wako.

Siku ya kazi

1. Chomeka chaja, na betri iwe na chaji. Chomoa diski ya nje yenye nakala zako na diski nyingine zozote. Ajali mbaya kuliko zote ni kufuta diski ya nakala kwa kufananisha majina.

2. Washa ukigonga kitufe cha menyu ya kuwashia: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, Esc kisha F9 kwa HP, Esc kwa Asus nyingi. Chagua flashi yenye neno UEFI mbele yake.

3. Endelea mpaka skrini ya kuchagua diski. Kwenye matoleo kadhaa utapitia kwanza neno "Custom".

4. Hapa tulia. Diski ya Windows ya kisasa huonyesha vipande kadhaa: kimoja cha MB 100 hivi cha kuwashia, cha MB 16, kikubwa chenye C, na cha mamia ya MB cha uokoaji. Kama una D ya data kwenye diski hiyohiyo, itambue kwa ukubwa, kwa sababu herufi hazionekani hapa au zimebadilika. Kama C ilikuwa GB 200 na D GB 265, unajua kipi usikiguse.

5. Kama huna D ya kubakiza, usifomati kipande kimoja kimoja. Futa vyote mpaka ubaki na mstari mmoja wa nafasi isiyogawiwa, uuchague, bonyeza "Next". Windows itagawa na kufomati yenyewe. Ukiifomati C peke yake, kipande kibovu cha kuwashia kinabaki, na hitilafu ya kuwaka inarudi nayo.

6. SSD inamaliza kwa nusu saa hivi. Diski ya kuzunguka inaweza kupita saa moja. Ikiwaka upya mara ya kwanza, usigonge kitufe cha menyu tena, la sivyo utaanza mwanzo.

Mambo mawili hukwamisha hapa. Ukiambiwa diski ni ya mtindo wa MBR (mgao wa zamani wa diski, wakati sasa panatakiwa GPT), bonyeza Shift + F10, andika `diskpart`, `list disk`, `select disk 0`, `clean`, `convert gpt`. Soma ukubwa wa diski mara mbili kabla ya `clean`, kwa sababu amri hiyo haiulizi kama una hakika, na inaondoa partisheni zote, D ikiwemo. Na ukikuta orodha ya diski ni tupu kabisa kwenye laptopu ya Intel ya kizazi cha 11 au baadaye, SSD haijafa. Kisakinishi hakina draiva ya Intel RST. Ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ifungue, iweke kwenye flashi, kisha tumia "Load driver". Watu wamenunua SSD mpya kwa sababu ya skrini hii tupu.

Baada ya Windows kuwaka

Wi-Fi ikikosekana, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Windows mara nyingi huitambua bila draiva. Ruhusu Windows Update imalize yote, kisha Device Manager: panapobaki alama ya njano, ielekeze kwenye folda ya draiva uliyohifadhi. Programu za kutafuta draiva zenyewe ziache, nyingi huja na mizigo usiyoiomba.

Nakala zako zikague kwa Defender kabla hujafungua chochote ndani yake. Rudisha nyaraka, picha na data. Mafaili ya .exe ya zamani usiyarudishe, pakua mapya. Kama D ilibaki, usiibofye mara mbili kabla haijakaguliwa, maana kirusi kilichokuwa C huenda kina ndugu yake kule. Kwenye Chrome, ingia kwa akaunti ukiwa umezima ulinganishaji wa viendelezi.

Kama unafomati ili uuze kompyuta, ufomati wa haraka hautoshi. Kwenye "Reset this PC" chagua kuondoa kila kitu na uwashe "Clean data", au kwa SSD tumia amri ya kufuta salama iliyomo kwenye BIOS, ikiwepo.

Usifute nakala za diski ya nje kwa mwezi mzima. Katika mwezi huo, tatizo likirudi, angalia limerudi baada ya kitu gani. Likirudi siku hiyohiyo kabla hujaweka programu yoyote, rudi kwenye RAM, joto na diski. Likirudi baada ya draiva ya skrini kusasishwa, irudishe ya awali ndani ya Device Manager. Likirudi baada ya kuchomeka flashi fulani, umempata mwenyeji wa kirusi. Na siku ya saba, fungua tena CrystalDiskInfo ulinganishe 05 na C5 na namba ulizoandika mwanzo. Zikiwa zimepanda, anza kutafuta diski mpya wakati hii bado inasomeka.